Ulifika Lini? Historia ya Sheria ya Makao na Uraia katika Kivu

Kila padri wa parokia, na kila katekista wa Kivu, anamjua mtu huyu. Anakuja asubuhi na mapema, kofia mkononi, anaketi juu ya benchi na kungoja. Ombi lake ni dogo: tumfungulie buku la ubatizo, tutafute jina la baba yake ao la babu yake, kisha tumwandikie karatasi yenye mhuri. Tukimwuliza karatasi ni ya kazi gani, anajibu: «Padri, ofisini wameniuliza, jamaa yenu ilifika lini katika inchi hii?»

Jina tunaliona, ao hatulioni. Lakini tukimpa karatasi yake pasipo kujua swali lile limetoka wapi, tumefanya kazi ya karani tu. Swali hilo lina historia ndefu. Sheria za inchi yetu zimelijibu kwa tarehe mbalimbali: 1885, 1908, 1950, 1960. Mtu yuleyule, katika nyumba ileile, alikuwa mwenyeji kwa tarehe moja na mgeni kwa tarehe nyingine, wala hakuhama hata hatua moja. Wasomaji wapenzi, tunataka kueleza hapa kwa utaratibu namna tarehe hizo zilivyowekwa, na taabu zilizotoka ndani yake. Halafu tutaona kazi ya yule anayeshika buku.

I. MANENO YA KUTENGANISHA

Kwanza tutenganishe maneno, kwani mabishano mengi yanazaliwa na maneno yaliyochanganywa.

Warumi wa kale walijua watu wa namna tatu katika mji. Civis ni raia. Incola ni mtu aliyetoka mahali pengine akaweka makao yake humo. Peregrinus ni mgeni anayepita ao anayekaa pasipo haki za raia. Tunamkumbuka mtume Paulo mbele ya jemadari Klaudio Lisia katika kitabu cha Matendo: jemadari aliupata uraia wake kwa fedha nyingi, lakini Paulo alizaliwa nao. Tangu wakati ule hata leo uraia unapatikana kwa njia mbili: ao mtu anazaliwa nao, ao anapewa na sheria.

Katika siku zetu tutenganishe vivyo hivyo. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia inchi yake kwa kuogopa kuteswa. Mapatano ya Geneva ya mwaka wa 1951 yanamlinda, na kwetu iko sheria ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inayoeleza hali yake. Mgeni mwenye makao ni mtu wa taifa lingine aliyepewa ruhusa ya kukaa. Anaweza kukaa miaka mingi, lakini anabaki mtu wa taifa lake. Raia ndiye mwenye inchi: anachagua na kuchaguliwa, wala hafukuzwi.

Watu hawa watatu wanaweza kulima mlima mmoja, kusema lugha moja na kusali katika kanisa moja. Kwa macho hawatofautiani. Ndiyo sababu ni kosa kubwa kumtambua raia kwa kutazama pua yake ao kwa kusikiliza lugha yake.

II. MPAKA ULIOCHORWA JUU YA NYUMBA ZA WATU

Mwaka wa 1885 Mfalme Leopold II alitangaza mipaka ya Dola Huru la Kongo. Wakati ule hakuna Mzungu aliyekuwa amekwisha kuliona ziwa Kivu. Wa kwanza kulifikia alikuwa Mdachi, Gustav Adolf von Götzen, mwaka wa 1894. Basi mpaka wa upande huu ulichorwa juu ya karatasi, mbali sana, na watu wasiojua mlima wala mto.

Kwa hiyo Wabelgiji na Wadachi waligombania inchi za Kivu miaka mingi. Waingereza nao walikuwa na neno lao upande wa kaskazini. Mwisho walipatana huko Bruxelles mwaka wa 1910. Kisiwa cha Idjwi kiliwekwa upande wa Kongo, na inchi ya Bwisha, katika Rutshuru, ikawekwa huko vilevile. Katika Bwisha walikuwako watu wasemao Kinyarwanda, wenye mashamba yao na makaburi ya wazee wao palepale. Hao hawakuhamia Kongo. Walilala usiku katika nyumba zao, na mapatano ya Wazungu yakawakuta humo.

Vilevile katika milima ya Itombwe, juu ya Uvira, walikuwako wafugaji wasemao Kinyarwanda tangu karne ya kumi na tisa. Nao vilevile walikuwa wamekwisha kupanda milima ile wakati Leta ya Wabelgiji haijatia nguvu huko.

Hilo ni kundi la kwanza. Tulishike vizuri, kwani baadaye litachanganywa na mengine.

III. WALE WALIOITWA

Wakati wa vita, mwaka wa 1916, Wabelgiji waliwafukuza Wadachi katika Rwanda na Urundi. Kisha wakapewa kuzitawala inchi hizo mbili kwa jina la Shirika la Mataifa. Sheria ya tarehe 21 mwezi wa nane 1925 iliunganisha serikali ya Ruanda-Urundi na serikali ya Kongo. Lakini haikuzifanya kuwa inchi moja. Mtu wa Ruanda-Urundi alikuwa na hali yake, mtu wa Kongo alikuwa na hali yake, ingawa bendera ilikuwa moja na Gavana Mkubwa alikuwa mmoja.

Katika miaka ya 1928 na 1929 njaa kali iliyoitwa Rwakayihura iliua watu wengi katika Rwanda. Upande wa Kivu walowezi walikuwa wakifungua mashamba ya kahawa na mengineyo, nao walitaka wafanyakazi. Mwaka wa 1928 likaanzishwa shirika liitwalo Comité National du Kivu, lililopewa mashamba makubwa. Wabelgiji wakaona dawa moja kwa magonjwa mawili: watu wapunguzwe Rwanda, waongezwe Kivu. Mwaka wa 1937 wakaanzisha kazi iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, kwa kifupi MIB. Kazi hiyo iliendelea, pamoja na kusimama kwa muda, mpaka mwaka wa 1955. Watu waliohamishwa kwa njia hiyo wanahesabiwa kuwa 85,000 hivi. Wengi waliwekwa katika teritwari ya Masisi. Wengine walikwisha kupelekwa kabla ya hapo katika migodi ya Katanga, kufanya kazi ya Union Minière.

Hapa tuseme kweli pande zote mbili. Katika desturi za Kivu mgeni alikuwa na njia yake. Alikwenda kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima, akatoa zawadi ao malipo ya desturi, ambayo Washi wanayaita kalinzi, akapewa shamba. Kwa tendo hilo alikubali kuwa mtu wa mwami yule. Watoto wake walizaliwa wenyeji. Desturi ilijua namna ya kumgeuza mgeni kuwa ndugu.

Lakini katika Gishari, ndani ya inchi ya Wahunde, Wabelgiji hawakufuata njia hiyo. Waliikata ardhi, wakafanya sheferi mpya chini ya mkubwa Mnyarwanda. Mhamiaji hakuhitaji tena kukubaliwa na mwami wa Wahunde. Karatasi ya Leta ilimtosha. Mhunde aliona ardhi ya babu zake inatolewa, na mamlaka pamoja nayo. Walilalamika miaka mingi, na mwaka wa 1957 Leta iliivunja sheferi ile ya Gishari. Sasa ikawa zamu ya Mnyarwanda kulalamika: aliletwa na Leta, akaahidiwa mahali, na leo mahali pale pana mkubwa mwingine.

Leta ya Wabelgiji iliwahamisha watu, ikawapa mashamba, ikawatoza kodi. Haikuweka sheria ya kusema watakuwa raia wa inchi gani siku ile itakapoondoka yenyewe. Deni hilo iliwaachia Wakongo walipe.

Kundi la tatu lilikuja baada ya fujo za mwezi wa kumi na moja 1959 katika Rwanda: ni wakimbizi, Watutsi wengi, waliovuka kwa kuokoa maisha yao. Basi mwaka wa 1960 walikuwako makundi matatu yasemayo lugha moja: waliokutwa na mpaka, walioletwa na Leta, na waliokimbia. Mbele ya akili kila kundi lina kesi yake. Lakini jirani aliyekasirika aliwaita wote kwa jina moja.

IV. TAREHE NNE

Sasa tufike kwenye sheria zenyewe, moja baada ya nyingine.

Kabla ya Uhuru, sheria ya uchaguzi ya tarehe 23 mwezi wa tatu 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka 10 wapige kura pamoja na Wakongo. Hapa kipimo kilikuwa miaka ya makao. Lakini kura si uraia. Loi fondamentale ya tarehe 19 mwezi wa tano 1960, iliyotumika kama katiba ya kwanza, haikusema raia ni nani.

Jibu la kwanza lilitolewa na Katiba ya Luluabourg, ya tarehe 1 mwezi wa nane 1964. Ilisema kwamba Mkongo ni mtu ambaye mmoja wa wazee wake ni ao alikuwa mtu wa kabila, ao wa sehemu ya kabila, lililokaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908. Siku hiyo ndiyo siku ya sheria iliyoweka utawala wa Ubelgiji juu ya Kongo. Kwa kipimo hiki watu wa Bwisha waliweza kusimama. Waliohamishwa na MIB hawakuweza. Nao wakati huohuo, tangu 1963, mapigano yalikuwa yamewaka katika Masisi, na ukubwa wa vijiji na mashamba ndiyo yaliyokuwa yakigombaniwa.

Jibu la pili lilipinduka upande mwingine. Tarehe 26 mwezi wa tatu 1971, amri ya Rais Mobutu iliwapa uraia, wote pamoja, watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo siku ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Haukupita mwaka, sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1972 ikabadili: uraia ni kwa wale waliokaa Kivu kabla ya tarehe 1 mwezi wa kwanza 1950, na waliozidi kukaa katika inchi tangu siku hiyo. Angalieni tofauti. Kwa tarehe ya 1960 mkimbizi wa 1959 aliingia. Kwa tarehe ya 1950 alitoka. Mkurugenzi wa ofisi ya Rais siku zile, Barthélemy Bisengimana, alikuwa mwenye asili ya Rwanda, na watu wengi wa Kivu waliona mkono wake katika sheria hiyo. Tena mwaka uliofuata ilikuja sheria ya ardhi ya 1973, iliyosema kwamba ardhi yote ni mali ya Leta. Mwenye uraia na fedha aliweza sasa kupata shamba kubwa kwa karatasi, juu ya ardhi ambayo jirani yake aliilima kwa desturi. Ndivyo uraia ulivyokuwa njia ya ardhi, na chuki ya ardhi ikawa chuki ya uraia.

Jibu la tatu ni sheria ya tarehe 29 mwezi wa sita 1981. Ilirudisha saa nyuma mpaka tarehe 1 mwezi wa nane 1885: Mzairwa ni mtu ambaye mzee wake alikuwa wa kabila lililokaa katika mipaka ya siku ile, kama ilivyobadilishwa na mapatano ya baadaye. Amri ya tarehe 15 mwezi wa tano 1982 ikafuta karatasi za uraia zilizotolewa kwa sheria ya 1972. Mtu aliyekuwa raia muda wa miaka kumi, aliyelipa kodi kama raia, aliambiwa aombe upya, kila mtu peke yake, kama mgeni aliyefika jana.

Hayo hayakubaki katika makabati ya Kinshasa. Mwaka wa 1991 Leta iliwaandika watu wa Kivu, kutafuta nani ni raia na nani si raia. Na kila mahali karani alipofungua daftari lake, majirani walianza kutazamana. Mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, teritwari ya Walikale, na moto ukaenea Masisi. Wahunde walikufa, Wanyanga walikufa, Wanyarwanda walikufa, kwa maelfu. Mamia ya maelfu walikimbia nyumba zao. Mwaka wa 1994, baada ya mauaji makubwa ya Rwanda, wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka mpaka kuingia Zaire. Makundi yote yakachanganywa mara moja. Tarehe 28 mwezi wa nne 1995 Bunge la wakati ule lilipitisha azimio lililowahesabu watu wenye asili ya Rwanda na Burundi kuwa wageni. Mwaka wa 1996 vita vikaanza, na vikafuatwa na vingine mwaka wa 1998. Havikuwa na sababu moja tu, na walioleta bunduki walikuwa na faida zao. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba swali la uraia halikuwa kuni katika moto ule.

Jibu la nne lilipatikana baada ya mazungumzo ya Wakongo, katika sheria ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004, na Katiba ya 2006 ikalithibitisha. Mkongo wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilifanya ile iliyokuwa Kongo wakati wa Uhuru. Tarehe ya kutazama ni 1960.

V. USHUHUDA USIO NA KARATASI

Hapa tuulize jambo moja ambalo wanasheria hawakulitazama sana. Mtu atathibitisha kwa kitu gani kwamba mzee wake alikuwako mwaka wa 1885?

Leta haikuwako katika Kivu mwaka huo. Daftari ya kuandika watu haikuwako. Wamisionari Mapadri Weupe walikuwa kandokando ya Tanganyika, huko Kibanga tangu 1883. Katika milima ya Kivu misioni ya Nyangezi ilianza mwaka wa 1906. Basi hata mabuku yetu ya ubatizo, ambayo mara nyingi ndiyo karatasi za zamani kuliko zote katika mahali, hayawezi kusema neno juu ya 1885. Katika sehemu nyingi hayawezi kusema hata juu ya 1908. Sheria ilimwomba maskini karatasi yenye umri kuliko karatasi zote za inchi.

Tena shida hiyo ilikuwa ya kila mtu. Mhunde, Mnande, Mushi, Mhavu, hakuna hata mmoja mwenye hati ya mwaka wa 1885. Tofauti ni hii: yeye hakuulizwa. Aliyeulizwa ni jirani yake. Na pahali pasipo karatasi ushuhuda ulitafutwa katika midomo ya watu, nao majirani wakawa waamuzi wao kwa wao. Mwenye kugombana nawe juu ya mfereji ao juu ya ng'ombe aliyekula mahindi aliweza kukufanya mgeni kwa neno moja.

Na upande wa pili vilevile uovu ulikuwako. Karatasi zilinunuliwa. Waliofika jana waliandikwa kama wenyeji wa zamani, na wenye fedha walipita mbele ya wenye haki. Mwenye kuuza karatasi ya uwongo hakumdhuru mwenyeji tu. Alimdhuru zaidi mhamiaji wa kweli, kwani baada ya hapo hata karatasi ya kweli haikuaminiwa tena.

VI. SHERIA YA KANISA JUU YA MAKAO

Wanaseminari wanaosoma sheria ya Kanisa watakumbuka kwamba Kanisa nalo limeuliza swali la makao, kwa kujua padri gani ni padri wa nani. Kodeksi ya 1917, katika kanuni ya 92, ilisema kwamba mtu anapata makao kwa njia mbili: akae mahali akiwa na nia ya kubaki daima, ao atimize miaka 10. Kodeksi ya 1983, kanuni ya 102, imepunguza miaka kuwa 5. Kwa makao ya nusu yatosha miezi 3. Hata asiye na makao popote, yule aitwaye vagus, ana padri wake: ni padri wa mahali alipo.

Tuone mambo mawili katika kanuni hizo. Kwanza, Kanisa linatazama mwili na nia: mtu anakaa wapi, tena anakusudia nini. Haliulizi babu yake alitoka mlima gani. Pili, Kanisa halikubali mtu awe pasipo mahali kabisa. Sheria ya Leta, tuliyoieleza, mara nyingine iliwaacha watu katika hali hiyo: Kongo imewakataa, na Rwanda haikuwajua tena.

Lakini tusikose katika hoja. Makao ya Kanisa si uraia wa Leta. Padri hawezi kumpa mtu taifa kwa kumwandika katika parokia, wala Leta haifungwi na kanuni ya 102. Leta ina haki ya kuweka masharti juu ya kuingia na kukaa. Inalinda amani na mali ya wote. Tunachojifunza ni kwamba sheria nzuri yaweza kuhesabu miaka ya maisha ambayo watu wameiona kwa macho, kuliko kuhesabu miaka ya wazee ambayo hakuna aliyeiona.

VII. MASWALI TUNAYOULIZWA

Tuandike kwa kifupi maswali yanayoletwa mara nyingi, na majibu ya sheria ya 2004.

Je, miaka mingi ya kukaa inamfanya mtu kuwa Mkongo? Hapana, si yenyewe tu. Mgeni mtu mzima anaweza kuomba uraia akiwa na makao ya kudumu tangu miaka 7, akijua moja ya lugha za Kongo, akiwa mwenye mwenendo mzuri, na akikubali masharti mengine ya sheria. Anaomba, hapewi kwa kulala tu.

Je, mkimbizi aliyekaa sana amekuwa raia? Hapana. Karte ya mkimbizi inamlinda, haimpi taifa.

Je, mtoto wa mama Mkongo na baba mgeni? Ni Mkongo tangu kuzaliwa. Baba ao mama, mmoja anatosha.

Je, mtoto aliyezaliwa Kongo na wazazi wageni wote wawili? Akitimiza miaka 18 anaweza kuutaka uraia kwa maandiko, akionyesha kwamba ana makao ya kudumu katika inchi.

Je, ndoa inatoa uraia? Si siku ya arusi. Mgeni aliyefunga ndoa na Mkongo anaweza kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa. Mapadri wawaambie wachumba mapema, wasidanganywe na watu wa barabarani.

Je, mtu aweza kuwa na mataifa mawili? Sheria inasema uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchanganywi na mwingine.

Je, karatasi ya ubatizo yatosha? Hapana. Cheti cha uraia kinatolewa na Waziri wa Haki. Karatasi yetu ni ushuhuda tu: inasema fulani alibatizwa hapa, siku hii, mwana wa fulani na fulani.

VIII. KAZI YA MWENYE BUKU

Ushuhuda tu! Lakini sasa tunajua uzito wake. Kanuni ya 877 inataka padri aandike pasipo kukawia majina, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, tena mahali na siku ya kuzaliwa. Kanuni ya 535 inataka mabuku ya zamani yatunzwe kwa uangalifu. Katika seminari tunaziona kanuni hizo kama mambo makavu, ya kujifunza usiku mmoja kabla ya mtihani. Katika Kivu mstari mmoja ulioandikwa vibaya mwaka fulani umemnyima mtu shamba lake miaka hamsini baadaye.

Kwa hiyo yako majaribu mawili ambayo mwenye buku atakutana nayo. La kwanza ni la huruma. Mtu analia mbele yetu, nasi tunajua ni mwema; kuigeuza 1952 kuwa 1942 ni kazi ya kalamu, haichukui hata dakika. Tusifanye. Siku uwongo mmoja utakapoonekana, buku zima limekufa, na pamoja nalo haki ya mamia walioandikwa kwa kweli. La pili ni jaribu la ukabila. Anakuja mtu asiye wa kabila letu, nasi tunamwambia buku limepotea, ao rudi wiki kesho, ao lipa kwanza. Huo nao ni uwongo, ingawa hatukuandika kitu.

Njia iko katikati, tena ni nyembamba: kuandika kile ambacho buku linasema, chote, wala zaidi, kwa kila mtu anayeomba, awe Mhunde ao Mnyarwanda, Mnyanga ao Mushi. Katekista wa succursale asingoje mwisho wa mwaka kuleta majina ya watoto. Ayaandike juma lilelile. Mchwa na mvua wameharibu mabuku mengi, na vita vimechoma mengine. Pahali lilipobaki moja, litunzwe kama vyombo vya altare, tena nakala yake iwekwe mahali pengine.

Sheria za uraia zimebadilika mara nyingi, na wenye kuzibadilisha walikuwa mbali. Sisi hatuwezi kuzitunga. Lakini yule mtu aliyeketi juu ya benchi asubuhi, kofia mkononi, hakuja kuomba sheria. Amekuja kuomba tumfungulie buku. Tumfungulie, basi, na tumsomee kwa sauti ile iliyoandikwa.